Uso Ulio Mbele

Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kuwatoa wafu katikati ya walio hai. Sisemi mafumbo. Nilikuwa nakaa mbele ya kompyuta katika duka la kuprinti pale Kitale, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo, na watu wananitumia picha za marehemu wao. Marehemu kwenye harusi ya binti yake. Marehemu amebanwa kati ya wake wenza wawili ambao hawasemezani. Marehemu na ng'ombe. Wazee wetu hawana picha ya peke yao. Ya peke yake ni ile ya kitambulisho, na ile inamfanya kila mtu afanane na mshukiwa. Kwa hivyo familia inatuma picha ya Desemba, ile watoto wa mjini wanapiga wakija nyumbani, watu kumi na wawili kwenye kochi moja, na chini yake ujumbe: "Ni huyo wa katikati."

Mimi namtoa wa katikati. Namkata pale begani ambapo mkono wa mtu ulikuwa umemshika, nafuta vile vidole kimoja kimoja, namweka kwenye duara lenye maua, naandika jina, tarehe mbili na mstari wa Biblia. Halafu tisheti zinaingia kwenye mashine ya joto, na siku ya mazishi kijiji kizima kinamvaa.

Tulikuwa na kazi nyingine. Vikombe vya siku ya kuzaliwa, mito ya wapenzi, tisheti za Agosti za vijana wanaotahiriwa, zenye majigambo ya wajomba mgongoni. Lakini wapenzi wanaachana na tohara ina msimu. Duka lilikuwa linalishwa na wafu.

Nilikuwa hodari. Najisifu mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine atakayenisifu. Nilimaliza kidato cha nne Kachibora na gredi ambayo haikunipeleka popote, na mambo ya kompyuta nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, mtoto akiwa kifuani.

Huyo mtoto hakuwa akikaa na mimi. Hapo ndipo hasira yangu inaanzia, kwa hivyo wacha niimwage yote mara moja.

Baba yake alienda Nairobi kutafuta kazi, akapata kazi na mwanamke katika wiki hiyo hiyo. Binti yetu alikuwa na mwaka mmoja na nusu nilipoandikwa dukani. Sikuwa na mtu wa kumwachia Kitale, nikampeleka kwa nyanya yake, mama ya baba yake, Kanduyi, upande wa Bungoma, nyuma kidogo ya uwanja wa mpira. Nilisema ni miezi miwili. Nilipomrudia, nyanya alinipokea na chai na maneno.

"Huyu ni mtoto wa huku," aliniambia. "Wewe ukitaka mwingine, Kitale kuna wanaume."

Watu wangu walikuja Trans-Nzoia na majembe yao kutoka mlima mwingine, na mama huyo hakuwahi kunisamehe mlima. Aliniita "yule wa kuja" mbele ya mtoto wangu, mpaka mtoto naye akadhani ndilo jina langu. Nilienda kwa mzee wa mtaa kumshtaki. Kumbe mzee wa mtaa ni shemeji yake. Akanipa chai pia. Mimi nimeshibishwa chai na watu wanaoninyima mtoto wangu.

Lakini siku moja alijisahau akatoa sharti, na alilitoa mbele ya mume wake na akina mama wawili wa kanisa, ndiyo maana nililishika kama mtu anavyoshika hati ya shamba. "Mtoto hawezi kukaa na mtu anarudi nyumbani giza imeingia. Siku utapata kazi inakutoa saa kumi, mchana kweupe, kuja umchukue."

Saa kumi. Duka letu lilifungwa saa moja jioni, na wiki ya mazishi mengi hata hiyo saa moja ilikuwa ni ndoto.

Mume wake, mzee, siku hiyo aliivuta tu kofia yake chini. Alikuwa mtu wa kofia, ile ya rangi ya udongo yenye ukingo mpana. Katika boma lile lote yeye ndiye aliyenisalimia kwa mkono. Aliniita "mama," kama mtu anavyomwita mkwe wake halali. Krismasi moja niliwaletea kikombe nilichoprinti mwenyewe: upande mmoja binti yangu, upande wa pili mama mzazi wa mzee, aliyekuwa amekufa zamani, kwa sababu mtoto amepewa jina lake. Nilifikiri nimefanya kitu kizuri. Nyanya alikigeuza mkononi mara moja, akaenda nacho nyuma ya choo, akakiponda kwa jiwe.

"Mtoto mzima hakai na maiti kwa kitu kimoja," alisema aliporudi, anapangusa mikono. "Unataka wafu wamzoee, wamwite?"

Mzee aliokota mkono wa kikombe, ule wa kushikia, akautia mfukoni. "Ilikuwa kikombe kizuri, mama," aliniambia kwa sauti ya chini. Kumbukeni hicho kikombe. Mimi nilikikumbuka.

Basi nikaitafuta saa kumi ndani ya kompyuta.

Dizaini za mazishi zote ni moja, kama vile mazishi yote ni moja. Kinachobadilika ni picha, jina, tarehe mbili na mstari. Niliona kwamba kinachonikalisha mpaka saa moja ni mikono yangu kurudia jambo lile lile, na jambo la kurudiwa unaweza kulifundisha. Nikatengeneza jedwali: kila mstari mtu mmoja, na safu zake za jina, tarehe na picha. Nikaifundisha programu ivute mstari, ikate picha, iiweke kwenye duara, iandike jina lipungue lenyewe likiwa refu, ihifadhi, ishuke mstari unaofuata. Familia nayo inajaza fomu kwenye simu na jedwali linajijaza. Hayo niliyafanya saa ya chakula cha mchana kwa miezi miwili, huku nikila mkate mkavu. Siku ilipokubali, niliweka vikombe arobaini vya chama fulani cha akina mama wa Ndalu, kila kikombe na sura ya mwenyewe na jina lake, nikabonyeza kitufe kimoja, nikaenda chooni. Niliporudi, dizaini arobaini zilikuwa zimejipanga ndani ya folda kama watoto wa nasari kwenye paredi. Nililia. Mteja mmoja akaniuliza, "Sister, ni pole ya nani?" Nikamwambia si pole, ni hongera.

Ilikuwa na upungufu mmoja tu. Picha ikiwa na nyuso nyingi, mashine haiulizi nani amekufa. Itajuaje? Inachukua uso ulio mbele, ule uliopata mwanga. Na wazee wa Bungoma wana kofia. Mzee anapigwa picha na kofia yake, uso wote uko kivulini, na mapajani amepakata mjukuu anayeng'aa jua. Mashine inamchukua mjukuu. Ilinifanyia hivyo mara ya kwanza nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakauka. Nikaandika kwenye kikaratasi cha njano kwa kalamu nyekundu, USO NI WA NANI?, nikakibandika chini ya kioo cha kompyuta. Kila siku kabla ya kuprinti nilipitia dizaini zote kwa macho yangu, nikilinganisha na ujumbe wa familia: ni huyo wa katikati, ni huyo mwenye fimbo, ni huyo amekaa. Halafu nilituma sampuli kwa mteja, nikangoja aseme sawa. Kazi ya mtu iliyobaki ilikuwa dakika ishirini za macho.

Bosi alikuwa amenikubalia. "Ukimaliza kazi mapema, toka," alisema. "Mimi siangalii miguu, naangalia kazi." Wiki ya kwanza nilitoka saa kumi siku zote tano. Nilisimama nje ya duka nikashangaa jua lilivyo kali saa hiyo, nilikuwa nimelisahau. Nikaandikisha jina la binti yangu kwenye nasari ya karibu na ninapokaa. Nikanunua godoro dogo. Nikapiga simu Kanduyi: "Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua." Nyanya aliwafukuza kuku wake kwanza, niliwasikia. "Tutaona," akasema.

Wiki ya pili, Alhamisi, bosi alisimama nyuma ya kiti changu.

"Hizi zote umefanya leo?"

"Ndiyo, bosi."

"Na ni saa nane."

"Ndiyo."

"Hebu nionyeshe."

Nikamwonyesha. Mjinga mimi! Nilimwonyesha kwa maringo, kama mtu anayemtembeza mwizi kwenye zizi lake, huyu ndiye anayetoa maziwa mengi, huyu ni mpole. Akataka kubonyeza mwenyewe. Akabonyeza. Tisheti za marehemu mmoja wa Kimilili zikajitengeneza mbele yake, saizi zote. Alicheka kama mtoto, akabonyeza tena.

"Kumbe hii kazi haitaki mtu," akasema.

Jumatatu alikuja na mdogo wa mke wake, msichana wa kucha ndefu, akamvutia kiti changu. "Mwonyeshe mahali pa kubonyeza."

"Na mimi?"

"Wewe si kila siku ni mtoto, mtoto, mtoto? Sasa nenda ukae na yeye." Alitabasamu. Sitaisahau ile tabasamu. Alidhani amenipa zawadi. "Na hii mambo ya kungoja mteja aseme sawa, itoe. Tunachelewa bure. Asipojibu kwa saa moja, iende ikaprintiwe."

Nikaitoa kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu yule msichana hakujua. Nikamwonyesha jedwali. Nikamwonyesha kitufe. Hakuuliza swali hata moja, macho yako kwenye simu yake, anasema "aha, aha." Mwishoni tu akaashiria kwa ukucha.

"Na hiki kikaratasi?"

Nilikibandua. "Ni changu," nikasema. "Mambo ya nyumbani."

Nikakikunja nikakitia kwenye pochi. Bosi alikuwa mlangoni, ananiangalia nikiondoka, na ningeweza kusema. Ni maneno manne tu. Lakini alikuwa amesema kazi haitaki mtu. Basi na iendelee bila mtu. Nilishuka zile ngazi nikiomba, ndiyo, niliomba, siku moja amprinti mtu mkubwa, chifu hivi, na uso wa mbuzi wake.

Jumamosi nilienda Kanduyi. Mzee alikuwa amekaa nje ya jiko, amekonda, anakohoa, kofia kichwani, na binti yangu mapajani mwake anakula muwa. Nyanya alitoka na ungo.

"Hiyo kazi sasa inakutoa saa ngapi?"

Ningeweza kudanganya. Lakini mzee alikuwa anasikia, na mimi mbele yake nilishindwa. "Wamenifuta," nikasema.

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Basi imekutoa mapema kuliko saa kumi!" Akamwita jirani kwenye ua wa pili amweleze. Jirani naye akacheka. Binti yangu, kwa kuona watu wanacheka, akacheka.

Mzee alingoja wanyamaze. "Kesho kutwa naenda hospitali," aliniambia, na alisema kwa sauti ambayo mke wake angeisikia. "Nikirudi, mtoto anakuja kwako. Kazi iko, kazi haiko. Ni mimi nimesema."

Nyanya aliokota ungo wake. Hata yeye alijua kwamba mzee akisema vile, limekwisha. Nilitamani kumpigia magoti. Badala yake nikatoa simu.

"Baba, toa kofia nikupige picha."

"Kofia ndiyo mimi," akasema.

Nikapiga hivyo hivyo. Yeye kivulini, mkono mmoja begani pa mtoto. Mtoto mbele, jua usoni, muwa mdomoni, anacheka kwa sababu ya utani uliomnyima mama yake. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikamtumia shemeji yangu, mtoto wa mwisho wa mzee, ambaye ndiye mwenye simu ya maana pale nyumbani.

Mzee alienda hospitali na hakurudi akitembea. Na lile neno lake alikufa nalo.

Nilifika matangani siku ya pili; baba ya mtoto alikuwa ametuma pesa kutoka Nairobi, yeye mwenyewe hakuja. Wake wa boma walikuwa wamekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, na binti yangu kati yao, amepakatwa na nyanya. Nikavua viatu nikitaka kukaa.

"Hapo ni pa wake wa hii nyumba," nyanya alisema, na kilio chake hakikukatika, alilitia hilo neno katikati ya kilio kama mtu anayetia chumvi. "Wewe sufuria ziko nyuma."

Niliosha sufuria siku mbili. Zile za mazishi, ambazo mtu mzima anaingia kichwa na mabega, zenye masizi ya tangu harusi za watu waliokwisha kufa. Binti yangu alikuwa anapita kwenda chooni ameshikwa mkono na shangazi, ananiangalia kama unavyomwangalia mtu anayeosha sufuria.

Jioni ya siku ya pili, jua bado liko, shemeji alikuja pale nyuma kuchota maji. Ni kijana mwema, wa maneno mengi.

"Shem, ile duka yako ya zamani ni moto! Nimejaza fomu asubuhi, ati kesho tisheti sitini zinakuja mpaka mochari. Hakuna hata mtu unaongea na yeye. Unajaza tu."

Nilitoa mikono kwenye maji. "Umetuma picha gani?"

"Si ile ulipiga wewe. Ya mzee na kofia. Ndiyo iko safi."

"Wamekutumia sampuli?"

"Kuna kitu wametuma, sijafungua, nilikuwa naongea na watu wa jeneza. Kwani?"

Simu ilikuwa mkononi mwake. Saa moja ilikuwa imepita zamani, lakini mashine ya joto haiwashwi jioni. Naijua ratiba ya lile duka kuliko mwenyewe. Kulikuwa na usiku mzima. Kulikuwa na neno moja: fungua. Nikainua macho, nikaona ule mkeka, nikaona miguu ya mtoto wangu imelegea kwenye mapaja ya yule mama.

"Hakuna," nikasema. "Niliuliza tu."

Sikupanga. Wanaosema nilipanga wananipa akili nyingi kuliko nilizo nazo. Nilinyamaza, basi. Lakini sitajifanya sikujua. Nilijua ni uso gani utachukuliwa, kama ninavyojua njia ya kwenda kwangu gizani. Mtu ataniuliza, mama gani anaacha mtoto wake awekewe tarehe ya kufa? Mama aliyenyimwa. Mimi nimeprinti nyuso nyingi, na sijaona aliyeuawa na wino. Kwangu rangi ni rangi. Ila nilimjua mtu mmoja ambaye kwake rangi si rangi, na nilikumbuka kikombe, na nilikumbuka jiwe. Nikarudisha mikono kwenye maji.

Kesho yake tisheti zilifika mochari zikiwa kwenye gunia la plastiki. Haya shemeji ndiye alinisimulia. Vijana walilipasua wakaanza kuvaa huku jeneza linapakiwa. Mmoja akasema, "Niaje, mbona huyu ni mtoi?" Mwingine akamjibu, "Ni mjukuu yake, bana. Ndiyo stailo ya siku hizi. Vaa twende." Wakavaa. Yeye shemeji alikuwa amekaa mbele na dereva, anaelekeza njia, hakuangalia nyuma.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko wakati gari lilipoingia kwenye boma. Nilisikia nyimbo kwanza. Halafu wakashuka, mmoja baada ya mwingine, na kila tumbo lilikuwa na binti yangu. Tumbo kubwa lilimnyoosha, tumbo dogo lilimkunja. Anacheka, muwa mdomoni, ndani ya duara la maua, na chini yake jina kamili la mzee na tarehe mbili, ya pili ya wiki ile ile. Mashine ilikuwa imemkata mzee vizuri kabisa. Kilichobaki kwake ni kidole gumba, begani pa mtoto, peke yake kama kitu kilichosahauliwa. Mimi vidole nilikuwa nafuta.

Nyanya alitoka mlangoni amembeba mtoto kiunoni, mdomo wazi kwa kilio cha kumpokea mumewe. Kilio kikakatika kama taa stima ikipotea. Alitazama tumbo la kwanza. Akatazama la pili. Akawa anageuza kichwa polepole, na popote alipogeuka alikuwa anachekewa.

"Nyanya, mimi!" binti yangu akapiga kelele kwa furaha, kidole mbele. "Ona, mimi! Na yule, mimi! Mimi tena!"

Alimweka chini kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Nani ameita huyu mtoto?" aliuliza. Hakuuliza kwa kelele. "Nani ameweka mtoto kwa nafasi ya maiti?"

Mchungaji alisogea. "Mama, ni makosa ya mashine tu. Tusimame na imani."

"Mashine inajua mjukuu wangu wapi?"

Na shemeji, maskini, kwa kutaka kusaidia: "Si makosa ya mtu, mama. Hiyo program hata ni shem alitengeneza, aulizwe."

Boma lote likanigeukia. Watu sitini wenye uso wa mtoto wangu wakanigeukia, na nawaambia, kuangaliwa hivyo hakusahauliki. Shangazi mmoja akaniita mchawi. Mwingine akasema watu wa kuja ndivyo walivyo. Mzee mmoja wa ukoo akajaribu kusema kwamba tisheti ni nguo, zivuliwe tu, tuendelee, lakini nyanya alikuwa amekwisha kuamua. Nilimwona akimwangalia mtoto aliyemlea miaka mitatu, aliyemlaza kifuani, aliyenikatalia kwa kila namna, na nikaona anamwogopa.

"Mtoe hapa," akaniambia. "Saa hii. Kabla mzee hajateremshwa. Asione shimo na shimo isimwone. Siku ya kunyoa nywele za matanga asiwe hapa. Usimrudishe."

"Mchana kweupe," nikamwambia. "Kama ulivyotaka."

Nilisema hivyo kwa mjane mbele ya jeneza la mumewe. Naliandika hapa lisomwe. Alinitemea mate, yakafika kwenye sketi yangu, na mimi sikuyapangusa, kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimembeba mtoto wangu.

Alilia. Msidhani alinirukia shingoni. Alinyoosha mikono kwa nyanya yake na nyanya akampa mgongo, na mtoto akalia mpaka sauti ikapotea, akinipiga kifuani kwa ngumi ndogo. Nyuma ya choo vijana walikuwa wanavua tisheti na kuzitupa kwenye rundo, vifua wazi, wengine wakifunga makoti juu ya ngozi. Mtu alikuwa anatafuta mafuta ya taa. Nilipita kando ya lile rundo, nikainama, nikachomoa moja, nikamfunika nayo mtoto kichwa dhidi ya jua, upande wa picha ukiwa ndani. Nikaondoka kupitia shamba la miwa.

Sikumwona mzee akiteremshwa. Niliambiwa walimzika na kofia juu ya jeneza kwa sababu hakukuwa na picha nyingine isipokuwa ile ya kitambulisho. Alikuwa ndiye mtu mmoja wa boma lile aliyeniombea haki, na mimi nikamnyang'anya uso wake siku yake ya mwisho, nikamwachia kidole gumba. Yule mama nilimpiga palipomuuma, naye alistahili. Bosi hakuumia hata kidogo. Shemeji alipomfuata, alimwonyesha kwenye kompyuta kwamba sampuli ilitumwa na saa moja ikapita. Aliyelipa ni mzee peke yake. Nimejaribu kulihesabu kwa namna nyingine na limekataa.

Mwezi uliofuata bosi alinipigia. Walikuwa wameprinti bibi harusi badala ya mama yake marehemu, na watu wamekuja dukani na fimbo. "Njoo uirekebishe," akasema, "wewe ndiye unaijua."

"Nitakuwa natoka saa kumi?"

"Tutaona."

Lile neno nalijua. Nikakata simu. Kikaratasi cha njano bado kiko kwenye pochi yangu. Akitaka aje akisome. Siku hizi nauza mitumba ya watoto sokoni, na binti yangu anarudi kutoka nasari anakaa chini ya meza, ananipangia soksi. Ananiita mama sasa. Alichukua muda. Wiki za kwanza aliniita "wa kuja," na nilimwitikia.

Ile tisheti aliitaka tangu siku ya kwanza. Sikuwa na picha yake nyingine nzuri kama ile. Nikachukua mkasi, nikaikata chini ya duara la maua, jina na tarehe mbili zikaanguka sakafuni, nikazitia kwenye jiko la makaa. Kilichobaki kikamtosha kama gauni fupi. Anavaa akicheza, anavaa akilala, imepauka.

Hivi majuzi aliniuliza kidole kilichoko begani pake ni cha nani. Nikamwambia ni cha babu. Hajauliza babu mwenyewe alienda wapi kwenye hiyo picha. Siku atakayouliza nitamjibu, maana kudanganya sijui. Ninachojua ni kunyamaza, na nimeona kunachoweza kufanya.